Daftari Zenye Saini ya Bwana

Kolwezi, njia ya Mutoshi,
tarehe 22 Machi 2025

Mpendwa Yaya Agnès, dada yangu mkubwa,

Kwa heshima kubwa nakutangazia kwamba bamama wa parokia yetu wamepewa daftari zenye ua jekundu kwenye jalada. Hotuba zimetolewa, picha zimepigwa, fanta imenywewa. Sasa nikusalimie: baridi ya Liège imepungua? Na mgongo wako? Sisi tuko wazima, tunameza vumbi letu kama kawaida.

Daftari zililetwa na muuguzi mmoja aliyekuja kutufundisha mwezi huu wa Machi, mwezi wa mwanamke. Alisema kila jioni mwanamke aandike mwili wake ulivyojisikia, moyo ulitaka nini, kitandani alipenda nini na nini alivumilia tu. Mtu mwingine asisome. Bamama waliinama wote kama waliodondosha sindano.

Muuguzi alipoondoka, Mama Kapinga, rais wetu sisi bamama, akaona uhuru umezidi. Akaamua kila Jumamosi bwana atie saini, kama mzazi kwenye daftari ya shule. Shemeji yetu Ntambwe, dereva wa lori kule mgodi wa Mashamba, alisimama mbele ya watu akasema mu nyumba yake hakuna karatasi itapita bila yeye. Mtu ambaye hata kadi ya chanjo ya batoto wake hajaifungua.

Basi wengine wakaandika, "Leo nimefurahi. Bwana yangu ni mwema." Mama Jeanne aliandika furaha ya juma zima Jumatatu asubuhi, apumzike.

Mdogo wetu Mushiya, mke wa huyo Ntambwe, peke yake aliandika kweli. Tangu amzae Glodi, kulala na bwana ni maumivu. Anauma meno, anangoja yaishe. Hata mi ninayejidai kuona yote sikujua. Aliniambia kwamba alipoyasoma maneno yake mwenyewe ndipo alijihurumia mara ya kwanza. Akaongeza chini: nitakwenda kwa daktari, na mpaka nipone nitalala na batoto.

Jumamosi akampa Ntambwe daftari ikiwa wazi. Aliogopa atarudishwa kwa mama. Nguo zake alikuwa amezikunja tayari. Bwana mkubwa akaomba kalamu, akasaini kwa madaha ya mkurugenzi, akauliza kama bukari ya mahindi imeiva.

Jioni alipomkuta mkewe kwenye mkeka wa batoto, akapiga kelele mpaka jirani wakazima redio wasikie vizuri. Nani alimpa ruhusa? Mushiya akaleta daftari.

"Ni weye, tata. Saini yako ni hii."

Siku hizi Ntambwe anafundisha wenzake kwamba mwanaume wa heshima hasomi mambo ya wanawake. Mama Kapinga naye amefuta saini, eti ni wazo lake tangu mwanzo.

Nisalimie shemeji Stanislas na batoto. Mama anakuombea. Mungu akulinde, na mgongo ukuachie.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye pasipo saini ya mtu,

Mbombo

N.B. Mushiya amekwenda kwa daktari. Ni mshono wa uzazi uliopona vibaya, unatibika. Glodi ana miaka minne.