Herufi S Uliyoachiwa Wewe

Mbaruku,

Leo nitasema mpaka nimalize, maana hupo wa kunikatiza. Ulikuwa na tabia mbaya sana hiyo, ndugu yangu. Mtu hajafika katikati ya neno, wewe ushamjibu.

Kitanda chako bwenini amepewa mgeni kutoka Lushoto. Mpole, mtoto wa watu, lakini sijamzoea na wala sitaki. Mwalimu wetu wa Kiingereza, yule Mzungu, kwa wiki mbili alikuwa akiita majina, akifika kwako anasita, kisha anaruka. Sasa jina lako amelipiga mstari. Mtihani wa darasa la kumi na mbili umebaki siku sita, na masharti unayajua: ukianguka Kiingereza umeanguka vyote, hata hesabu uipate yote. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ukuta wa bahari Raskazone badala ya kujisomea. Nikikamatwa nitasema nilikuwa natunga insha.

Nakumbuka Jumamosi zetu za kwenda sokoni Ngamiani. Kila neno jipya lazima ulitumie siku hiyo hiyo, uwe na wa kumwambia usiwe naye. Ulimsifia yule mama wa vitumbua kwa neno la Kiingereza refu kama treni ya Moshi, akadhani umemtukana, akatunyima vitumbua. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe uliondoka pale umefurahi kama umepewa zawadi. "Hilo sitalisahau mpaka nife," ulisema. Ah, Mbaruku!

Haya, niliseme lililonileta.

Rai ya kugawana kamusi ilikuwa yangu. Tulikuwa sita, kamusi moja, maneno maelfu, muda hakuna. Nikasema, mbona kazi hii tunaijua tangu chuo cha Kurani? Kwenye hitima juzuu hugawanywa, kila mtu husoma yake, na kabla chai haijapoa msahafu mzima umetimia. Basi na sisi tugawane herufi. Wote wakaniona nina akili za ajabu, na mimi nikajiona hivyo hivyo. Mimi nikachukua A mpaka C. Kila mtu akajichukulia fungu lake, na S, yenye kurasa nyingi kuliko zote, ikabaki haina mwenyewe.

Wewe peke yako ndiye uliyeuliza. "Hitima thawabu zake zinamwendea marehemu. Hizi zetu zinamwendea nani? Siku ile si kila mtu atakaa dawati lake peke yake?"

Nilikasirika, kwa sababu sikuwa na jibu. Nikakwambia mbele ya wenzetu kwamba wewe ni mvivu, hodari wa kuwachekesha wauza vitumbua tu. Ukanyamaza. Wewe, kunyamaza! Kisha ukavuta kamusi, ukasema, "Haya, nipeni hiyo S."

Likizo ya Ramadhani ukaenda kwenu Moa, na shule ilipofunguliwa hukurudi. Tukasikia una homa. Jumamosi moja dereva wa lori la Moa akanifuata mpaka getini. Akaniambia mwenzangu amezidiwa, ananiita, na mama yako anaomba nije na lori lile lile. Nikamjibu nitakuja Ijumaa. Nilitaka kwanza nimalize C. Wallahi, hiyo ndiyo sababu, hiyo pamoja na kinyongo kidogo kilichokuwa kimenibakia. Jumatano ukazikwa.

Na ulisema kweli. Wiki iliyofuata Mwalimu alitupa jaribio, kila mmoja akajua fungu lake, mengine tukakodoa macho. Mimi, bwana wa rai, nilipata alama mbaya kuliko wote.

Nilikuja kwenye arobaini yako. Nikapewa juzuu yangu, nikasoma na watu. Walipokwisha kula na kutawanyika, mama yako akaniita uani. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akaniwekea daftari lako mapajani. Yeye, unajua, husoma herufi za Kiarabu tu. "Nisomee," akasema. "Mchana kutwa alikuwa akiandika nini huyu?"

Nilidhani nitakuta orodha kama zetu. Kumbe kila neno ulilitungia sentensi, na kila sentensi ina mtu ndani yake! Mwalimu na kofia yake yumo. Mama wa vitumbua yumo. Nikawa nasoma kwa Kiingereza, kisha namfasiria mama. Tukafika kwenye neno la chumvi: "Mama yangu hutia chumvi nyingi kwenye mchuzi, na ukimwambia hakubali." Mama akacheka. "Muongo mkubwa," akasema, akijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Nikageuza ukurasa, nikakuta neno la ukaidi. "Rafiki yangu Hamisi ni mkaidi sana, lakini nikiumwa ndiye nitakayemwita." Juu yake umeandika tarehe. Ni ya siku ile niliyokutukana.

Nikamwambia mama kwamba ukurasa ule una hesabu tu. Nikaufunua mwingine.

Naye, masikini, bila kujua chochote, akasema, "Alikuita wewe, Hamisi. Tulimtuma dereva. Labda hakukuona." Nikainamisha kichwa. Akachukulia kwamba ndivyo. Akanishika bega, akasema, "Ungekuja, najua." Akaniachia daftari nirudi nalo shuleni, akanifungia na mkate wa kumimina wa kula njiani.

Daftari lako tunalisoma wote watano sasa. Hatugawani tena. Kila mtu anajifunza herufi zote, na neno lisilo na mtu ndani ya sentensi yake halihesabiki. Nadhani nitafaulu, Mbaruku, na hilo ndilo linalonitia hofu: nifaulu kwa daftari lako, jina langu libandikwe ukutani chini ya picha ya Malkia, na mama yako apige vigelegele kwa ajili yangu, akiamini kwamba dereva hakuniona.

Sitaki. Nakuahidi, siku nitakayoweka kalamu chini kwenye karatasi ya mwisho, sipiti hata bwenini. Nitapanda lori la Moa, nikae uani pale, nifungue ukurasa nilioruka. Nitausoma kwanza kwa Kiingereza, kama ulivyouandika, kisha kwa Kiswahili. Kisha nitamwambia. Akinifukuza nitaondoka, na akinyamaza nitakaa mpaka aseme.

Mungu akupanulie kaburi lako, ndugu yangu. Lakini wewe nikwambie leo, kabla ya mama yako: salamu zako zilinifika. Zilinifika saa nne asubuhi, lori likiwa linanguruma linaningoja, nami nikarudi ndani.

Mwenzio,
Hamisi