Shavu la Mwanakombo

London,
Ijumaa, baada ya sala

Mama yangu Bi Mwanasiti,

Shikamoo. Nakushika miguu kwa karatasi, maana kwa mikono siwezi. Je, kifua kinakuacha ulale siku hizi? Na goti lile la mvua? Na mtoto, somo wako mdogo, anaongezeka? Mimi mwili ni mzima, Alhamdulillahi, nakula na ninalala chini ya mablanketi matatu. Moyo ndio mgonjwa, na sababu unaijua.

Shemeji Salimu, najua ni wewe unayemsomea Mama barua hii, umerudi kutoka kiwandani Ramisi na nguo zako bado zinanukia miwa. Nakuomba usome polepole, wala usiruke mstari hata ukikuuma. Humu yamo ya kumuuma Mama pia. Muwekee maji ya kunywa karibu, kisha uendelee.

Barua yenu ilinifikia dada yangu Mwanakombo akiwa kaburini siku arobaini na tatu. Nimehesabu. Hitima mmekwisha kuisoma, kanzu zimekwisha kufuliwa, mimi huku nilikuwa nikicheka na watu. Nimejaribu kukumbuka nilifanya nini siku ile mliyomzika, na sikumbuki. Huenda nilikula samaki wa kukaanga, nikalalamika kwamba hawana chumvi. Hilo linanitesa sana.

Uliwahi kuniuliza, Mama, mtu mzima na ndevu zake anaishije kwa kupiga picha za nguo. Sikukujibu vizuri. Memsabu huyu niliyeondoka naye, yule niliyekuwa nikimbebea masanduku ya kamera pale Diani, kazi yake ni kuwapiga picha wasichana waliovalishwa mavazi mapya, ili magazeti yawaonyeshe wake wa matajiri. Kwanza nilikuwa nikimshikia taa tu. Siku hizi huniachia kamera yake ya pili, na picha zangu zingine hutoka, ingawa jina langu halitoki. Huku nguo za jua hupigwa picha wakati wa baridi, Mama. Wasichana husimama bustanini na vigauni vyepesi, nyasi zimeganda barafu, nami nawaambia wazuie pumzi ili ule moshi wa mdomoni usionekane. Picha ikishatoka utadhani wako pwani kwetu, kumbe meno yanagongana. Na gauni likiwa kubwa, tunalikaza mgongoni kwa vibanio, vile vya kuanikia nguo kambani. Mbele ni malkia, nyuma ni kamba ya kufulia. Mwanakombo nilipomwandikia hayo ya vibanio, aliniambia umecheka hata ukakohoa.

Siku ya barua yenu kulikuwa na maonyesho ya nguo katika jumba moja kubwa. Mimi hukaa nyuma ya pazia, wasichana wanapovuliwa hili na kuvishwa lile, na mafundi wana pini midomoni. Mwanzoni niliona haya hata nikawa nageukia ukutani. Sasa nimezoea, natazama mishono tu. Barua ilikuwa mfukoni tangu asubuhi. Niliiweka kama mtu anavyoweka tende ya kufuturia, nikingoja nafasi niionje vizuri. Wakati wa mapumziko nikaketi juu ya sanduku la taa nikaifungua. Shemeji, uliandika vizuri, ulinitayarisha kwanza kwa aya mbili za dua, lakini macho yangu yalikwisha kuruka na kuliona jina lake likiwa na neno “marehemu” mbele yake. Ati siku ya saba baada ya kujifungua, kwa homa.

Maonyesho ya huku humalizika kwa gauni la harusi. Basi nilipokuwa nimekaa na barua magotini, wakamleta msichana amevaa nguo nyeupe kuanzia kichwani hadi chini, wakamsimamisha mbele yangu, na Memsabu akaniita, “Hamisi, huyu sasa, upesi.” Nikasimama. Nikampiga picha sita. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo, na mpaka leo sijaisamehe.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Mzee Farah, Msomali mwenye nyumba ya mabaharia huko bandarini, nikamwambia. Akakusanya watu, Wayemeni na Wasomali na Mzanzibari mmoja, tukamsalia dada yangu sala ya ghaibu. Wanaume tisa wasiomjua walisimama safu kumwombea Mwanakombo binti Juma wa Bongwe. Mzanzibari akaniuliza alikuwaje. Nikafungua mdomo, nikasema alikuwa mpole.

Sasa naja kwenye lile mliloniandikia mwishoni, Mama, nami nalinakili hapa kama lilivyo ili ujue limenifika. Ulimwambia Salimu aandike hivi: “Ile picha uliyotuletea tumeitoa sandukuni. Ni nzuri, lakini huyu si Mwanakombo. Huyu ni mtoto wa watu. Mtoto akikua na kuniuliza mama yake, nimwonyeshe nani?”

Na Salimu akaongeza yake chini: kwamba siku picha ilipofika, Mwanakombo aliishika mikononi muda mrefu, kisha akacheka, akasema, “Ndugu yangu kaniosha uso hata mwenyewe sijijui.” Akaitia chini ya leso zake sandukuni, wala hakuitundika.

Mimi sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba nimempelekea dada yangu picha na hakunishukuru. Nilinuna, Mama. Ndiyo maana zile barua mbili zilizofuata hazikumtaja, nawe ukauliza tumegombana nini. Nilimnunia mtu niliyemkosea, na sasa sina wa kumwomba msamaha.

Sikiliza jinsi ilivyokuwa. Asubuhi ile ya kuondoka, gari la Memsabu likiningoja barabarani Ukunda, nilikimbia na kamera mpaka nyumbani. Mwanakombo alikuwa akichambua mchele. Alijifunga leso mpya, akauliza, “Nisimame vipi?” Nikamwambia, “Simama ulivyo.” Akasimama ukutani, akageuza uso kama kawaida yake, shavu la kushoto limeelekea ukuta. Nikamwambia anitazame. Akanitazama. Nikabonyeza mara moja tu, maana filamu ilikuwa ndiyo ya mwisho.

Filamu niliisafishia huku. Sasa, katika kazi hii kuna ufundi wa kutengeneza sura. Katika filamu yenyewe, kabla ya kutolewa picha, weusi huwa mweupe na weupe huwa mweusi. Doa jeusi la usoni hufunikwa kwa penseli iliyochongwa kama sindano. Doa jeupe hukwaruzwa kwa kisu chembamba mpaka likaisha. Memsabu husema hakuna mwanamke anayetaka kujiona alivyo. Mimi mkono wangu ni mwepesi, wanasifu. Nimefuta chunusi, nimefuta ndui, nimefuta mikunjo ya wake wa mabwana wakubwa wakarudi miaka kumi. Nikachukua filamu ya dada yangu, nikakaa nayo Jumapili mbili, nikakwaruza kovu la shavuni kidogo kidogo, nikalainisha na pembeni, mpaka shavu zima likawa kama la yule msichana wa harusi. Nilijivunia. Nilisema moyoni, nimemrudishia uso wake.

Kwa nini nilisema nimemrudishia? Hapa ndipo nilipokuomba, Salimu, usiruke mstari.

Mama, Mwanakombo hakujikwaa. Siku ile ya mafuta, wewe ulikwenda kisimani, yeye akabaki kukaanga mahamri ya kuuza. Alikuwa na miaka kumi, mimi saba. Nilikuwa nikiruka kuni zilizochomoza mekoni, nikijidai farasi. Aliniambia mara tatu niache. Mguu wangu ukaligonga karai. Alilia mara moja tu. Kisha, mkono uko shavuni, akaniambia, “Nenda nyuma ya nyumba. Mama akija, wewe hukuwapo.”

Nami nikaenda. Nikakaa huko na kuku mpaka nikasikia sauti yako. Ulimpaka asali huku unamgombeza, ukamwita mzembe wa jikoni, na jina hilo likamkaa. Kila alipoangusha kikombe ulimwambia, “Mkono wako haukomi, na shavu limeshakufunza.” Naye hunyamaza, na mimi nipo, nakula. Wale watu wa kwanza walipokuja kuposa wakamwona wasirudi, mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, mtu mzima wa kusema, na sikusema. Akaja Salimu, akamwona vile vile alivyo, akakaa. Mwenyezi Mungu akulipe, shemeji. Dada yangu kaenda na siri yangu mpaka kaburini, na hakunikumbusha hata siku tuliyogombana vibaya.

Mama, naomba radhi yako. Najua wewe ndiye uliyedanganywa miaka yote hiyo, ukamlaumu asiyekosa, na sasa yeye hayupo umwambie neno. Hilo nimekufanyia mimi. Ukikasirika una haki. Ukitaka kukaa mwezi bila kunijibu, kaa. Lakini kuna jambo moja ambalo siwezi kulifanya bila wewe, nalo ni la mtoto, si langu.

Kilichokwaruzwa kwenye filamu hakirudi. Lakini kovu linaweza kuchorwa upya. Palepale nilipokwaruza, nikipaka penseli kwa uangalifu, picha ikitoka pataonekana weupe kama ule uliokuwapo. Ufundi ule ule uliolifuta unaweza kulirudisha. Wiki hii nzima nimekaa na penseli mkononi, filamu iko mbele ya taa, na sikuchora hata mstari.

Silijui umbo lake, Mama.

Mimi ninayelipwa kwa kutazama nyuso. Nikimwona msichana mara moja, kesho naweza kukuambia sikio lipi liko juu kuliko lingine. Shavu la dada yangu nililiona kila siku kwa miaka kumi na saba, na sijui kama kovu lilikuwa la duara au refu. Sijui kama lilifika kwenye pembe ya mdomo. Nakumbuka kitu kama mkia kikishukia kidevuni, kisha nasema la, huo naubuni. Alipozungumza nami nilitazama macho yake, au mikono, au nilitazama chini. Hata filamu nilipokuwa nikiifuta nililitazama kama doa, sehemu ndogo ndogo, wala sikulitazama lote hata mara moja. Niliogopa. Sasa nimelifuta, na hapa duniani halipo tena isipokuwa katika vichwa vyenu wawili.

Kwa hiyo humu ndani ya bahasha nimetia picha mbili, zote ni zile zile, za shavu safi. Moja iache. Ya pili, chukua masizi ya chungu, chovya kidole, na kwa kidole hicho kilichompaka asali umpake tena dada yangu pale palipokuwa. Salimu asikuongoze, wala usimwulize, mpaka umalize. Kisha naye atazame, na kama kuna mahali umesahau, aongeze yeye, maana alilala akiutazama uso huo. Ikausheni barazani, mwifunge kwa kitambaa, mnirudishie. Nitafuata kidole chako kwa penseli nywele kwa nywele, sitazidisha wala kupunguza. Mtoto akiuliza mama yake, aonyeshwe Mwanakombo.

Yule msichana wa harusi, nisije nikakuficha na hili, alikuwa na alama ndogo kidevuni. Memsabu alinipa filamu zake wiki hiyo hiyo. Niliikwaruza. Ndiyo kazi niliyoijia, na mkataba haujaisha, na meli ni mwezi mzima. Lakini kabla ya kuikwaruza niliitazama kwanza. Ilikuwa kama punje ya mpunga.

Nisalimie Mama Riziki jirani, anayemnyonyesha mtoto wetu pamoja na wake. Mwambie undugu wa ziwa moja ni undugu kamili, na mimi ni mjomba wa wote wawili. Nisalimie shangazi mkunga, najua analia kwa siri akijilaumu, mwambieni asijilaumu. Nisalimie mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, aliyeniambia picha zitaniletea majuto. Mwambie sibishani naye tena. Mpakateni somo wako mdogo kwa niaba yangu, na akiwa na alama yoyote mwilini, hata ya mbu, niandikieni iko wapi.

Mama, chovya kidole vizuri, usiogope kuichafua picha.

Ni mimi mwanao niliyekuwapo jikoni,
Hamisi