Kisima Kilichozungushiwa Miiba

Ihumwa, Alhamisi. Jua kali tangu asubuhi, upepo wa vumbi, na moyo wangu umechafuka kuliko hiyo hewa.

Zuhura hajainuka leo. Anahara damu. Mwanangu aliyekuwa akikimbiza kuku uwanja mzima, sasa hata nzi hawezi kumfukuza usoni.

Nimechoka kuambiwa nisubiri, eti atapona.

Huku Ugogoni kisima ni shimo la mchangani, katikati ya korongo kavu, na kila kisima kina mwenyewe. Chetu ni cha Mzee Chidawali. Amekizungushia ua wa miiba, ng'ombe hawakigusi, na ukishuka kuteka unavua viatu. Sisi watu wa Kondoa tuliokuja kuifuata reli, mimi nikiwauzia vibarua chai na vitumbua, tulimcheka mwanzoni. Tulipoyaonja maji yake tukaacha kucheka, maana ni meupe na baridi, hayana hata unyasi.

Kisha kambi ya reli ikahamia upande wa juu wa korongo, na watoto wakaanza kuanguka. Wa jirani yangu Mbeleje tumemzika juma lililopita. Mzee akasema kuna mtu mwenye roho mbaya anaingia kisimani kwa siri. Akaongeza miiba. Watoto wakazidi kuugua, naye akaongeza tena. Mimi mwenyewe nilibeba matawi, mikono yangu bado ina vidonda.

Leo ndoo yangu ilitoka na utando unaong'aa rangi rangi. Nikanusa. Mafuta ya mashine!

Nikauzunguka ua wote, hakuna tawi lililosogezwa. Basi nikapanda na korongo hadi karibu na kambi, na pale mchangani nikalikuta shimo refu. Ni choo cha vibarua, na humo humo wanamwaga mafuta machafu.

Korongo likikauka, maji hayaondoki, yanatembea chini ya mchanga yakishuka kwetu. Kila mtu huku anajua, ndiyo maana tunachimba pale. Na bado tulikuwa tukiziba juu.

Mume wangu, Ramadhani, ni kibarua wa kambi hiyo. Nilipomuuliza aliinamisha kichwa.

"Tulilichimba sisi, mama Zuhura. Kwingine kote ni jiwe tupu, na Mzungu msimamizi wetu alitaka liishe kabla ya magharibi."

"Kamwambie lifukiwe."

"Nimwambie mimi? Unataka nipigwe viboko hamsa ishirini?"

Nilimtukana. Kisha nikakumbuka makovu ya viboko aliyonayo mgongoni. Namwonea huruma na ninamchukia, yote kwa pamoja.

Nikaenda kwa Mzee Chidawali. "Mbukwa, mzee," nikamwamkia kwa lugha yake, nikamweleza yote. Alikigeukia kisima chake, akaushika ua.

"Miiba naweza kuongeza, mwanangu. Huko chini niweke nini?"

Nililia njia nzima, na sioni haya kuandika hivyo.

Kesho nitakwenda kwa Mzungu mwenyewe. Akitaka kupiga, anipige mimi.

Lakini Zuhura ana kiu leo. Jambo moja limenijia: vibarua wanaokunywa chai yangu tu ni wazima, wanaougua ni wale wanaokunywa maji mabichi kwa kata. Labda ni moto unaoua ubaya wa maji. Sijui. Sina lingine la kushika. Na kuni sina, zilizobaki nilichomea vitumbua asubuhi, na miti ya karibu yote imeliwa na reli. Nimelichukua shoka nikaipasua meza yangu ya biashara. Tutakula nini, Mungu ndiye ajuaye.

Sasa sufuria inatokota. Zuhura amenyoosha mkono kwenye mtungi wa maji mabichi ulio karibu na kichwa chake. Ananililia, anasema mama ni mbaya, mama hampendi.

Nimeumwaga mtungi wote mlangoni, nisije nikashindwa na huruma.

Nimeepua sufuria, ninaipepea kwa upande wa kanga. Maji, poeni. Poeni upesi, sauti inamwisha, anaacha kulia.