Kinyesi cha Mbwa wa Jirani

Baba watoto,

Shimo jipya la kinyesi cha mbwa nimeliacha likinifika magotini, zamu inaniita. La zamani limejaa, lifukie lioze taratibu. Mbwa akijisaidia, okota kwa gazeti. Si mfuko wa plastiki, ule hauozi. Tia kwenye debe, nyunyiza maranda ya mbao, funika. Usikisukume kwa maji mtaroni, mvua itakipeleka mtoni. Wala usikitupe kwenye mboga, tutaugua.

~~Mgongo ukikuuma, acha, nitafanya nikirudi.~~ Hapana. Fanya mwenyewe.

Asubuhi nilikuwa nachimba nikakuona kupitia uzio. Mbwa wa yule mama jirani, fundi cherehani, alijisaidia njiani, nawe ukainama upesi kama kijana, ukaokota kwa gazeti letu, ukambebea hadi mlangoni kwake. Nikamsikia: "Shemeji, wanaume kama wewe wamebaki wachache!" Ukacheka kicheko ambacho humu ndani sijakisikia siku nyingi. Mbwa wetu tumemlea tangu mdogo, na hujamwinamia hata mara moja. Mgongo, unasema.

Sisemi kuna jambo. Huenda ni ujirani tu. Lakini nimeona wivu, mtu mzima mimi, kwa sababu ya mavi ya mbwa.

Chakula kiko jikoni, nimekifunika.

Shimo jipya usiliguse peke yako. Kesho tulimalize pamoja. Nimeazima jembe la pili, na sikuliazima kwake.

Mama watoto