Nilihesabu Mabinti wa Barrington

Mpendwa Shangazi Merle,

Naomba msaada wa safu yako ya gazetini, ingawa ukweli ni kwamba mimi ndiye huwa ninaombwa, maana katika bonde lote hili la Hunter, kuanzia Murrurundi hadi Muswellbrook, hakuna mtu mwingine anayeweza kukuambia mtoto wa farasi atakuwa jike au dume kabla hata mama yake hajapandwa, madaktari wanahitaji mashine na glavu ndefu za kufika kwapani, mimi nahitaji kalamu na kikombe cha chai. Shule niliiacha mapema kwa sababu mwalimu wa hesabu alikuwa ananichelewesha. Nafanya kazi kwa Bi Nola, nje kidogo ya Scone, nasafisha mabanda, nalisha, narekebisha ua, na jioni nafanya takwimu za nasaba, na usicheke, Shangazi, wenye mashamba makubwa wanawalipa watu wenye digrii wawafanyie kitu hichohicho.

Bi Nola ana ukoo mmoja tu wa farasi, mama yake aliuanza na jike mmoja, na tangu hapo ni binti baada ya binti, wote wamepewa majina ya ndege, na wewe unajua katika kazi hii ukoo unakwenda kwa mama, ukikosa binti umekwisha, hata kama madume wako wameshinda kila mbio za Sydney. Mwaka jana walikuwa wamebaki wawili, Brolga, ambaye ni bibi kizee, na binti yake Rosella, ambaye bado mbichi ila alirudi kutoka mbioni na mguu wa mbele una hitilafu. Daktari alisema Brolga akizaa tena itakuwa mara ya mwisho, kwa hiyo Bi Nola akaniita jikoni, mezani vitabu vya nasaba vimechanganyika na mkate na siagi.

"Haya, Profesa," akaniambia, "tumpeleke kwa nani?"

"Barrington."

"Yule? Ana kichwa kama sanduku la posta."

"Kichwa hakikimbii, Bi Nola. Sikiliza. Watoto wa Barrington ambao mama zao ni mabinti wa baba yake Brolga, katika kila kumi saba wameshinda mbio. Akipandishwa majike wa damu nyingine, ni wanne tu. Na hujasikia lililo kubwa."

"Sema basi, chai inapoa."

"Nimepitia kitabu cha nasaba cha nchi nzima ukurasa kwa ukurasa nikawahesabu watoto wake waliomo. Mabinti arobaini na mmoja. Wana watatu."

Akavua miwani. "Watatu?"

"Watatu. Yule dume anazaa majike, Bi Nola. Wewe andaa jina la ndege tu."

"Marehemu baba alikuwa anatazama mwezi," akasema.

"Marehemu baba hakuwa na mimi."

Akacheka mpaka akashika nyonga yake mbovu, na Septemba ilipofika Brolga akapelekwa kwa Barrington, akashika mimba mara moja. Habari zikaenea, baa nzima ikaniita Profesa, na Darcy, yule anayewapigilia farasi viatu vya chuma, kila akiniona ananiambia, "Mke wangu ana mimba, mpitishe kwenye kitabu chako," na mimi namjibu kwamba kwanza anionyeshe nasaba yake yeye, tuone kama inafaa kuendelezwa. Miezi ya mwanzo Dokta Fenwick alikuja na mashine yake akitaka kuangalia jinsia, wakati huo mtoto bado mdogo na anaonekana vizuri, Bi Nola akamwambia, "Vua glavu, Dokta, Profesa ameshahesabu." Sasa mtoto amekuwa mkubwa na kwa mashine haonekani tena, ni kungoja tu.

Baridi hii nyonga ya Bi Nola ikamzidi, akaambiwa atapasuliwa, na hapo hapo mfugaji mmoja wa upande wa Perth akapiga simu akimtaka Rosella. Bi Nola akaja bandani na fimbo yake akaegemea mlango.

"Mwanangu, farasi mdogo nitakayeweza kumlea ni mmoja tu. Nimbakize huyu, au nimngoje wa Brolga?"

"Huyu ana miguu mitatu na nusu," nikasema. "Wa Brolga anakuja na miguu minne na damu ya Barrington juu yake. Mwache aende."

"Una hakika na hesabu yako?"

"Arobaini na mmoja kwa watatu, Bi Nola. Hata jua halina rekodi hiyo, kuna siku za mawingu."

Akampigia simu mtu wa Perth akakubali, na siku zikawa za kungoja lori tu, na mimi nikaendelea na kazi zangu. Sasa, tuna farasi mmoja anaitwa Biskuti, mstaafu wa mbio, mpole kama mto wa kitanda, ndiye ninayempanda kila asubuhi kwenda kuwaleta majike kutoka malishoni. Nikiwa namwogesha, namsugua tumbo huku namsimulia ujuzi wangu kama kawaida, nikakumbuka kwamba baba yake ni Barrington. Nikaacha kusugua. Nikamuuliza, wewe mbona haumo kwenye wale watatu? Halafu nikamtazama pale ambapo dume hutazamwa, Shangazi, na pale pamebaki ngozi tu, kwa sababu Biskuti alihasiwa akiwa na mwaka mmoja kama wanavyohasiwa karibu madume wote, hajawahi kuzaa wala hatazaa, na kile kitabu nilichokihesabu kinaandika wazazi. Mabinti wanaingia kwa sababu wanakuja kuwa mama. Madume wanaingia wale wawili watatu tu walioachwa wazima. Wengine wote wako kwenye mashamba ya watu wanakula nyasi, na mmoja nilikuwa namkalia mgongoni kila asubuhi.

Nikakimbilia ndani nikafungua kitabu kwa dume mwingine, mabinti kibao, wana wawili. Nikafungua kwa mwingine tena, hivyohivyo. Kwa hesabu yangu kila dume wa Australia anazaa majike. Ndipo nikaitafuta orodha ya waliozaliwa, siyo ya wazazi, nikamhesabu Barrington upya, na mabinti na wana karibu wamelingana, kama kurusha sarafu.

Sasa Brolga chuchu zimeanza kutoa vitone vya nta, maana yake ni wakati wowote, na Bi Nola ameshachagua jina, Jabiru, amemwita fundi akaliandika mlangoni kwa rangi ya dhahabu, hospitali amewaambia wasimpasue mpaka amwone binti huyo akisimama. Mimi chakula hakipiti. Naingia bandani namtazama Brolga tumbo kana kwamba nikikodoa macho nitaona. Darcy aliniuliza juzi kama naumwa, nikamwambia ni mafua.

Nataka uniambie, Shangazi, niseme au ningoje? Maana nusu siyo ndogo. Akizaliwa jike, hakuna aliyeumia, Bi Nola anaingia hospitali akiwa na furaha, ukoo unaendelea, na mimi sihesabu tena kitu chochote zaidi ya ndoo. Nikisema sasa, namvunja moyo mwanamke mgonjwa kwa jambo ambalo labda lisingetokea.

Na kuna kimoja nimekizunguka tangu mwanzo wa barua hii. Ukisoma haraka utadhani Rosella aliondoka kwanza, kisha mimi nikagundua. Haikuwa hivyo. Nilimwogesha Biskuti Jumamosi. Lori lilikuja Jumatatu. Bi Nola alisimama kwenye ngazi za nyumba akaniuliza kwa sauti, "Tunafanya sawa, Profesa?" na mimi nikiwa nimemshika Rosella kamba, nikijua, nikasema sawa, nikampandisha kwenye lori.

Profesa, Scone

*

Profesa,

Majina nimeyabadilisha, ya watu na ya farasi, kwa hiyo kula kidogo kabla hujaendelea kusoma.

Kosa lako la hesabu silihangaikii. Umewahesabu waliobaki kwenye kitabu ukadhani ndio wote waliozaliwa. Nimekaa minadani miaka mingi nikisikiliza watu wenye suti nzuri wakifanya hivyohivyo, na wao hawakuwa na Biskuti wa kuwasahihisha. Ile nyingine ya saba kwa kumi nayo kaiangalie vizuri. Huenda hao saba ni watoto wa mama wawili hodari ambao wangezaa washindi hata wangepandwa na punda. Lakini hiyo ni ya siku nyingine.

Jumatatu ile ndiyo inayokunyima chakula, na unastahili kunyimwa. Mwanamke alikuuliza swali la wazi mbele ya lori, na wewe ukaona ni afadhali apoteze ukoo wa mama yake kuliko wewe upoteze jina la Profesa. Usiniambie habari ya kumhurumia kwa sababu ya nyonga. Anayeogopa ni wewe. Bi Nola amewahi kuzika farasi, na nadhani na mume pia. Habari mbaya anazijua, atakaa nazo.

Unauliza ungoje? Kijana, ukingoja na akazaliwa jike, hutasema maisha yako yote, nakujua kwa barua moja tu. Utavimba zaidi, utatabiri tena, na safari nyingine itakuwa farasi wa mtu asiye na subira kama yake. Na akizaliwa dume, hutakuwa na la kusema, yule mtoto atakuwa ameshasema akiwa bado hajasimama. Maneno yako yana thamani sasa tu, wakati mtoto bado yumo tumboni na hata wewe hujui. Mimi kama ningekuwa Bi Nola, ningetaka kujua kwamba mtu aliniambia ukweli kabla hajaona kama utamfaa.

Tena kuna jambo ambalo hukulifikiria kwa sababu ulikuwa unakodolea tumbo. Msimu wa kupandisha unafunguliwa Septemba, na huu ni Agosti. Rosella yuko Perth na bado hajapandwa. Bi Nola akijua leo, anaweza kumpigia yule mfugaji leo. Anaweza kumwomba amrudishe, na mtu yule ana haki ya kukataa. Anaweza kumwomba waandikiane kwamba binti wa kwanza wa Rosella atarudi Scone, na wafugaji wengi ninaowajua wangekubali hilo, kwa sababu nao wana ukoo wao na wanajua kulala macho. Ukingoja Brolga azae, Bi Nola apasuliwe, apone, ndipo upate ujasiri, Rosella atakuwa na mimba ya watu na maneno yatakuwa mengi. Kila siku moja ya kunyamaza kwako inampunguzia yeye nafasi.

Kwa hiyo fanya hivi. Jibu hili nimekutumia wewe kwanza, Jumanne. Gazeti linatoka Alhamisi, na Scone ni ndogo, Darcy atakutambua kabla hajafika mwisho wa aya ya kwanza. Nenda jikoni leo, usiende na kitabu chochote. Anza na Jumatatu, halafu ndipo umweleze Jumamosi, kwa maana ukianza na hesabu utajificha ndani yake mpaka chai iishe. Usilie, atalazimika kukubembeleza na yeye ndiye aliyekosewa. Akikufukuza kazi, muombe akuruhusu ubaki hadi Brolga azae, kwa sababu kwa nyonga ile hawezi kupiga magoti kwenye majani peke yake. Akisema ondoka sasa hivi, nenda kwa Dokta Fenwick umwambie Bi Nola anahitaji mtu wa kukesha.

Na asipokufukuza, mletee simu pale alipokaa, mtafutie namba ya Perth, kisha toka nje umwache aongee.

Shangazi Merle