Sitaunyoosha Msuko Wetu, Mwalimu

Mwalimu,

Mhariri wa Nairobi amejibu. Riwaya anaitaka, ila niinyooshe: ianze utotoni mwa Karimi, yule mjane wetu, iende moja kwa moja hadi uzeeni, na badala ya wanawe watatu kusimulia kila mmoja upande wake, asimulie mmoja tu. Eti msomaji atapotea. Zamani ningekubali. Nimechoka, na jina langu kwenye jalada nalitamani, sikufichi.

Lakini nilijifunza kitu mazishini kwako. Familia ilinipa kazi ya kuandika wasifu wako, kwa kuwa ndiwe uliyenifundisha kuandika. Nikaandika kama watu wote wanavyoandika: ulizaliwa Kibirichia, ukabatizwa, ukasoma, ukafundisha Kiswahili, ukaoa, ukalima viazi, ukaugua. Nilipousoma, watu walijipepea kwa karatasi za ratiba. Hukuwamo hata katika mstari mmoja.

Kisha jirani yako M'Ikiara, mliyenuniana miaka kwa sababu ya mpaka wa mashamba, akasimama. "Huyu mwalimu alikuwa kichwa ngumu. Lakini ile mwaka viazi yangu ilioza yote, mbegu nilipata kwake." Dada yako akampinga: mbegu ilitoka kwake, wewe uliibeba tu. Mkeo akacheka huku analia, akasema wote wawili wanadanganya. Hapo nikakuona, Mwalimu, mzima kabisa, katikati ya watu watatu wasiokubaliana. Nililia mpaka nikaona haya.

Ndiyo maana ulikuwa ukinirudishia sura zimejaa wino mwekundu. "Hii hadithi unaharakisha kupeleka wapi? Msomaji si ng'ombe wa kuvutwa kwa kamba." Na mimi nakununia wiki nzima.

Leo nimemjibu mhariri. Ile sadfa ya sura ya nne, uliyoichukia nami nikaipigania, naye mhariri pia ameilalamikia, nimeifuta. Mmeshinda wewe na yeye. Wasimulizi watatu wanabaki. Akikataa nitapeleka kwingine, na huko wakikataa nitapeleka kwingine tena.

Ulinikataza kukuambia mwisho hadi uusome mwenyewe, na sura hiyo ya mwisho niliimaliza wiki moja baada ya kukuzika. Basi nisamehe, nakuambia: Karimi hakuuza shamba. Wanawe wote watatu wameapa kwamba aliuza, na wote watatu wamekosea.

Kwaheri, Mwalimu. Nitakuja kukusomea sura yote hapo kaburini, hata kukinyesha.

Mwanafunzi wako,
Kendi