Mkwe Aliyekimbia Mlangoni pa Shule

Boma la Makur,
Yirol.
Tarehe 20 Machi 2023.

Mpendwa mwanangu Telar,

Salamu zikufikie huko Australia, ng'ambo ya maji yote. Hujambo? Kifua kimepona ile baridi? Sisi wazima. Goti langu linauma, lakini hata likiuma nawapita vijana kwa mwendo. Ng'ombe wamenenepa, na mwaka huu risasi tunazisikia kwa mbali tu, Mungu ashukuriwe.

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Wazee wenzangu hapa wanabandika kidole. Mimi naandika.

Shule yetu sasa ina mkuu mwanamke, Mwalimu Adau. Wiki aliyofika akawatoa askari waliokuwa wakilala madarasani, kwa mdomo tu, nao wana bunduki! Nikasema huyu anafaa, na wa kwanza kusema nilikuwa mimi. Kisha akapita boma kwa boma akiwakusanya wasichana kama ndama waliopotea.

Nyibol, binti wa marehemu kaka yako Dhieu, alikuwa afanye mtihani wa darasa la nane. Ami yako Machar akaahidi kumwoza kwa Manyiel, yule tajiri wa ng'ombe, bila kuniuliza. Mimi, Makur! Asubuhi ya mtihani Manyiel akaja shuleni na Machar na rafiki zake kumchukua, manyoya ya mbuni kichwani. Nami nikafuata na fimbo.

Mwalimu Adau akatoka, akasimama mlangoni.

"Karibu, mkwe wangu! Wasichana wote wa humu ni wanangu. Mama mkwe wako ndiye mimi."

Usije ukawa umesahau huko: kwetu mchumba hakutani uso kwa uso na mama mkwe. Manyiel akajifunika uso, akatimua mbio hadi kwenye matete.

"Mkwe, mbona wanikimbia? Nionyeshe hata kisigino!"

Wasichana wakajaa madirishani wakicheka. Machar akafoka, "Rudi wewe! Huyo hakumzaa Nyibol!"

"Mwite tena," nikamwambia. "Labda miguu yake ina masikio."

Nyibol akaingia, akafanya mtihani wake.

Jioni wazee tulikaa. Nikasema, na nikisema mimi watu hunyamaza: aliyemkimbia mama mkwe amekwisha kumkubali, basi amsikilize. Mwalimu akasema binti yake hatoki mpaka amalize sekondari, na hapo aulizwe mwenyewe. Manyiel akajibu kutoka nyuma ya zizi, "Ndiyo, mama."

Matokeo yametoka. Amefaulu! Anakwenda sekondari ya bweni huko Rumbek. Kichwa kile amerithi kwangu.

Umeniomba nikutafutie mchumba hapa nyumbani. Wapo, wazuri, ila wote wako shuleni. Kwa hiyo mchumba bado, lakini mama mkwe nimekwisha kukupatia. Anza mazoezi ya mbio.

Wanakusalimu shangazi yako Yar, Akuol mama yake Nyibol, na Machar, ingawa bado amenuna. Mungu akupe usingizi mzito na maziwa yasiyokauka.

Ni mimi nikupendaye karibu sawa na ng'ombe wangu,
Baba yako mkubwa,
Makur.